Wavulana wa darasa la saba wamekwenda wapi? Ubao wa shule yetu hapa Tanga umeninyima usingizi

#1 Mzazi wa Makorora
Wanajamvi, salaam.

Juzi nilikwenda shuleni kusaini karatasi za kikao, mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Ni shule ya msingi ya serikali hapa mjini, jina naliacha. Mwalimu mkuu alikuwa na simu, nikawa nausoma ule ubao wa takwimu ulio nyuma ya kiti chake. Mnaujua: darasa la kwanza mpaka la saba, safu ya WAV, safu ya WAS, na JML. Umefutwa na kuandikwa tena mara nyingi hadi weusi wake umegeuka kijivu.

Darasa la kwanza wavulana wamewazidi wasichana kidogo. La pili hivyo hivyo. La tatu wako sawa. Kuanzia la tano safu ya WAV inakonda, na ukifika la saba wasichana wanakaribia kuwa mara mbili yao. Nikadhani macho yananidanganya, nikasogea karibu. Hayakunidanganya.

Pembeni ya ubao pamebandikwa manila ya ufaulu wa darasa la saba. Mstari unapanda kila mwaka. Vikaoni huwa tunaupigia makofi, na mimi nimepiga.

Sasa hoja yangu. Asilimia ile inawahesabu waliokaa kwenye mtihani tu. Mtoto aliyeachia darasa la tano haishushi shule hata nukta moja, maana hayumo kwenye hesabu. Naogopa tunaipigia makofi shule inayopoteza watoto.

Walimu, wavuvi, kina mama, semeni. Wavulana hawa wanakwenda wapi?

#2 Kijana wa Sahare
Wako baharini, mkuu. Pita Deep Sea alfajiri yoyote boti zikiingia. Wa kubeba ndoo yupo, wa kupaa samaki yupo, wa kukomba maji chomboni yupo. Analipwa papo hapo, na mboga anapewa ya kupeleka nyumbani. Mama akiona samaki wa jioni yuko mkononi, hamuulizi tena kuhusu daftari. Nasema ninachokijua, mimi mwenyewe niliishia la sita.

#3 Mama Twaha
Bahari isibebeshwe yote. Mtoto wa dada yangu yuko Mabawa, hata kuogelea hajui, na shule kaacha. Yuko gereji anashika spana. Mwenzake anaosha bodaboda. Nadhani tatizo ni kwamba mvulana wa miaka kumi na miwili mjini hapa ana mahali pengi pa kupata buku mbili, na msichana hana.

#4 Kijana wa Sahare
Msichana naye anapo, Mama Twaha. Anapikishwa mihogo na bajia za kuuza. Ila yeye anauza jioni akishatoka shule. Boti haingoji jioni.

#5 Fundi Baiskeli
Mleta uzi, huu si ugonjwa wa Tanga peke yake. Mtu anayekaa na takwimu aje atuambie.

#6 Karani Mstaafu
Nimekuja. Shikamooni wakubwa.

Mtihani wa kumaliza elimu ya msingi 2022, nchi nzima waliandikishwa watahiniwa 1,384,340. Wavulana 661,276, wasichana 723,064. Hao ndio walioingia darasa la kwanza mwaka 2016, mwaka wa elimu bila ada.

Mtihani wa Septemba 2024: watahiniwa 1,230,780. Wavulana 564,176, wasichana 666,604.

Toeni wenyewe. 2022 wasichana waliwazidi wavulana kwa 61,788. 2024 wamewazidi kwa 102,428. Watahiniwa wote wamepungua lakini pengo limekua. Na ufaulu wa 2024 ulitangazwa kuwa asilimia 80.87, tukafurahi. Kwa hiyo mleta uzi ana hoja nzito kuliko anavyofikiri.

Ila nimkosoe jambo moja. Usilinganishe la kwanza ya leo na la saba ya leo, hao ni watoto wengine kabisa. Omba rejista ya uandikishaji ya mwaka ule walioingia hawa wa la saba, ufuate jina kwa jina. Hapo ndipo utajua nani alipotea na nani hakuwahi kuwepo.

#7 Mzazi wa Makorora
#6 ahsante sana mzee wangu. Kweli, hilo sikuliwaza. Nitaiomba rejista.

#8 Shambalai
Karani, elimu ya msingi bila ada haikuanza 2016. Ada ya msingi iliondolewa kwenye MMEM, ule Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, 2002. Mimi ndio nilikuwa naanza shule Lushoto, tulijaa hadi tukasomea chini ya mti.

#9 Karani Mstaafu
Uko sahihi kwa ada. Kilichokuja 2016 ni kufuta na ile michango, na kuingiza kidato cha kwanza hadi cha nne. Lakini wimbi la uandikishaji la 2016 liko palepale, muulize mwalimu yeyote aliyekuwa na darasa la kwanza mwaka ule.

#10 Mwalimu wa Zamu
Muulizwa nipo. Mwaka ule nilipokea watoto hadi nikawa nawaita kwa mstari, dawati moja wanne, na mmoja kila siku anaanguka upande wa ukutani.

Nafundisha shule ya pwani, kusini ya mji. Nina jambo langu la miaka kadhaa ambalo sijawahi kuliandika popote. Mwezi mmoja nilikuwa nafunga daftari la mahudhurio, nikaona wino mwekundu kwa upande wa wavulana umekaa kwa mafungu. Wiki nzima mwekundu, kisha wanarudi wote, kisha mwekundu tena. Wagonjwa hawaugui hivyo. Nikabandua kalenda ya Kiislamu ya ukutani nyumbani, nikaiweka pembeni ya daftari. Wekundu wote uliangukia siku za giza la mwezi.

Kwa wasio wa pwani: dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka taa haina kazi, vyombo vinapumzika. Kwa hiyo mbalamwezi wavulana wangu wako darasani wamejaa, wananukia chumvi, wanasinzia. Giza likiingia wametoweka. Alfajiri dagaa wanapakuliwa, wanachemshwa, wanaanikwa. Wasichana nao wanaanika na mama zao, lakini saa tatu au saa nne nawaona wanaingia na sare, vidole vina magamba. Mvulana aliyekesha chomboni haji siku hiyo.

Sasa hesabu: kila mwezi anakosa siku nane, tisa. Alikosa sehemu, akarudi tuko kwenye desimali. Alikosa desimali, akarudi tuko kwenye asilimia. Darasa la nne anafeli upimaji, anarudia. Kwangu wanaorudia la nne wengi ni wavulana. Anarudia akiwa ameshaota ndevu, amekaa na mdogo wake dawati moja. Huyo ukimwambia kesho asije, umemfanyia hisani.

#11 Mdigo wa Mwambao
Mwalimu Mungu akupe umri. Nimesoma hii mara tatu.

Nyongeza ya mvuvi: usisahau bamvua. Maji yakitoka sana, mwamba unabaki mkavu, watoto wanaingia kwa miguu kutafuta pweza. Na bamvua ni mara mbili kwa mwezi, giza na mwezi mpevu. Kwa hiyo hata mbalamwezi yako wapo watakaokosekana.

#12 Mwalimu wa Zamu
Kweli kabisa, hao wa pweza nilikuwa nawaita watoro wa Jumatano. Leo ndio nimejua wana ratiba.

#13 Shambalai
Wadigo bwana, hata utoro wenu unafuata mwezi 😄

#14 Mdigo wa Mwambao
Na nyie wa milimani utoro wenu unafuata mahindi mabichi. Tulia, mtani.

#15 Mgeni wa Kange
Naomba niseme ukweli hata kama utauma. Nimehamia hapa kutoka Moshi. Watu wa pwani hawajaipa shule uzito. Mtoto asubuhi shule, mchana chuoni kusoma Kurani, usiku chuoni. Atasoma hesabu saa ngapi? Angalieni wanaofaulu ni watoto wa nani.

#16 Mama Twaha
Ndugu yangu wa Kange, wa watoto wa nani? Umewaona wapi? Sensa yetu haijauliza kabila wala dini tangu 1967, na ubao wa mleta uzi hauna safu ya waliotoka Moshi. Ulichonacho ni majirani zako watatu.

Mwanangu alihitimu juzuu zake chuoni Barabara ya Kumi na Mbili ndipo akafanya la saba. Chuoni ndiko alikojifunza kukaa chini saa mbili bila kuinuka, na kushika alichosomeshwa. Alifaulu. Na wasichana nao wanakwenda chuo kilekile, saa zilezile. Ingekuwa chuo ndio sababu, na wao wangepungua.

#17 Mgeni wa Kange
Hoja ya wasichana sina jibu nayo, naikubali. Ya muda bado nainuka nayo: kwa mtoto wa zamu ya mchana siku inakatika vipande vipande.

#18 Fundi Baiskeli
Hilo la muda sawa, lakini uliza madarasa yako wapi hadi kuwe na zamu. Jiji la Tanga sensa ya 2012 lilikuwa na watu 273,332. Ya 2022 ni 393,429. Watu laki moja na ishirini elfu wameongezeka ndani ya miaka kumi. Nazunguka na baiskeli Mwanzange, Kange, Pongwe: nyumba zinaota kila siku, shule zile zile zinaongezewa chumba kimoja kimoja. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto arobaini na kitu. Nani hapa ana mtoto kwenye darasa la namna hiyo?

#19 Bi Chumbageni
Watoto wanahama pia, jamani. Wenye uwezo wanawatoa la tatu, la nne, wanawapeleka shule za kulipia za Kiingereza. Na mzazi mwenye ada ya mtoto mmoja anamhamisha nani? Wengi wanamhamisha wa kiume. Nimeyaona kwa ndugu zangu mwenyewe. Kwa hiyo baadhi ya hao wavulana wa ubaoni hawajapotea, wamevaa tai shule nyingine. Wakihama wenye uwezo, wanaobaki ni wale wa mlo mmoja, na shule inaonekana imeharibika wakati kilichobadilika ni watoto waliomo.

#20 Karani Mstaafu
Bi Chumbageni, hoja nzuri kwa shule moja moja. Kwa nchi haitoshi. Zile namba nilizoweka ni za watahiniwa wa shule zote, za serikali na za binafsi. Mvulana aliyehamia shule ya kulipia amehesabiwa mle mle. Na pengo bado ni laki moja na zaidi.

Kwa shule ya mleta uzi kuna njia ya kujua: namba ya Prem, ile ya utambulisho wa kila mwanafunzi. Mtoto akihama kwa utaratibu, namba yake inahama naye. Aliyehama atakuwa na alama. Aliyepotea namba yake imelala.

#21 Bi Chumbageni
Nimeelewa. Lakini la wenye uwezo kuondoka sijalirudisha 😀

#22 Mpika Uji
Mnaongea yote, njaa hamjaitaja. Kwetu mchango wa uji ni kwa anayelipa. Saa nne wanaolipa wanapanga foleni na vikombe, wasiolipa wanazunguka nyuma ya darasa wajifanye wanacheza. Nimechota uji miaka mitatu, nawajua kwa majina wanaozunguka. Wasichana wanachangiana kikombe, wawili watatu. Wavulana hapana, mvulana anaona aibu, anaruka ukuta anakwenda sokoni Mgandini kubeba mizigo ale. Akiruka mara ya kwanza na asipigwe, umempoteza.

#23 Mzazi wa Makorora
#22 umenichoma. Huo mchango sisi kamati ndio tuliupitisha. Tuliandika "kwa hiari" na tukaona tumemaliza.

#24 Mama wa Wawili
Nashukuru kwa uzi. Naomba kitu kimoja kiwe wazi. Tusije kusema wasichana wamependelewa ndio maana wavulana wamepotea. Mimi niliachia darasa la sita kwa sababu kulikuwa na mgeni nyumbani na mtu wa kupika hakuna. Waraka wa kumrudisha shule msichana aliyejifungua umetoka Novemba 2021 tu, juzi hapa. Wasichana kubaki darasani ni jasho la watu wengi. Ninachojiuliza ni hiki: kwa msichana akikosa siku tatu, mwalimu wa malezi anakuja nyumbani, mtendaji anaambiwa, wote tunashtuka tunajua tunaogopa nini. Mvulana akikosa siku tatu tunasema "atarudi, mtoto wa kiume huyo".

#25 Mwalimu wa Zamu
#24 umesema kweli na mimi nimo. Nimefuatilia wasichana nyumbani kwao mara nyingi. Mvulana sikumbuki nilimfuata lini.

#26 Mtoto wa Kambini
Mimi nimezaliwa kambi ya mkonge, babu yangu aliletwa kama manamba kutoka Kigoma. Huku mashambani hadithi ni nyingine tena. Mzazi anahamia shamba lingine kazi ikiisha, mtoto anaondoka bila barua ya uhamisho. Akifika shule mpya anaandikishwa upya kama mgeni. Shule ya kwanza inamwandika mtoro, ya pili inamhesabu mpya. Mtoto mmoja, rejista mbili. Kwa hiyo Karani, na hiyo Prem isikupe imani sana.

#27 Wa Bagamoyo
Nawasalimu kutoka Bagamoyo. Nimesoma uzi wote, kama mnatuandika sisi. Mlingotini na huku Dunda ni dagaa na pweza vilevile. Tofauti yetu ni upande wa Kerege na Mapinga, kule watu wa Dar wamejaa, shule za msingi zimefurika watoto ambao wazazi wao wanaondoka saa kumi alfajiri kwenda mjini na kurudi saa tatu usiku. Kule hakuna bahari ya kumvuta mtoto. Na bado wavulana wa la sita na la saba wanapungua. Kwa hiyo mvuvi wa #2 na mwalimu wa #10 wana haki kwa kwao, kwetu kuna kingine. Mimi nadhani ni nyumba isiyo na mtu mchana kutwa. Sina hakika.

#28 Mzee wa Galanos
Inaniuma kusoma haya kuhusu Tanga. Hapa ndipo Wajerumani walifungua shule ya serikali, 1892, makarani wa nchi nzima wakawa wanatoka hapa. Enzi zetu ukisema umesoma Galanos watu wanakaa vizuri kwenye kiti.

#29 Fundi Baiskeli
Mzee na Usagara je? Au ndio mmetusahau?

#30 Mzee wa Galanos
Usagara mlikuwa na mpira mzuri.

#31 Shambalai
😂 Rudini kwenye mada. Halafu mtu pale juu ameniuliza inbox kama kufaulu la saba ni nusu ya alama. Hapana. Masomo sita, kila moja alama 50, jumla 300, na ukifikisha 121 umefaulu kwa daraja C. Kwa hiyo hata hao waliobaki na kufaulu, wengine wamefaulu kwa alama arobaini kati ya mia. Kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza kitupu. Naye msishangae kumkuta Deep Sea mwaka unaofuata.

#32 Mzazi wa Makorora
Wanajamvi, nimerudi. Leo nimekaa na rejista tangu saa mbili asubuhi. Ni kitabu kikubwa, mgongo umeshonwa kwa uzi wa gunia. Mwalimu mkuu hakunizuia, alinipa na kiti.

Karani, nimefuata ulivyosema. Mwaka ule walioandikishwa, wavulana na wasichana walikuwa karibu sawa. Kwa hiyo wavulana walikuwepo. Nikateremka na kidole jina kwa jina. Wengine pembeni pameandikwa "amehama" na jina la shule. Bi Chumbageni, wapo waliokwenda za kulipia, si wengi kama ulivyodhani lakini wapo. Wengine pameandikwa "mtoro" kwa kalamu nyekundu. Mmoja pameandikwa "marehemu", nilimjua, ni wa mtaa wa pili.

Halafu kuna wasio na chochote. Jina, tarehe ya kuzaliwa, jina la mzazi, kisha nafasi tupu. Hakuna aliyeandika amehama, hakuna aliyeandika mtoro. Nimehesabu wavulana kumi na wanne wa namna hiyo kwenye mkondo mmoja. Nimemuuliza mwalimu wa darasa wa wakati ule, akashika kichwa, akasema alikuwa na watoto zaidi ya mia.

Uji: nimeandika barua kwa mwenyekiti, agenda ya kikao kijacho. Mpika Uji nitakuomba uje useme mwenyewe.

#33 Mpika Uji
Nitakuja. Na vikombe nitavileta.

#34 Mgeni wa Kange
Mkuu, hao kumi na wanne wazazi wao wanajulikana? Mimi nina pikipiki, Jumamosi niko huru. Tunaweza kupita nyumba kwa nyumba.

#35 Mzazi wa Makorora
Majina ya wazazi ninayo, mitaa ni ya zamani, wengi walikuwa wapangaji. Lakini ahsante, Jumamosi twende.

#36 Kijana wa Sahare
Usingoje Jumamosi. Giza limeshaingia, boti zote zinatoka leo usiku. Nitumie majina ya kwanza tu, usiyaweke hapa. Nawajua vijana karibu wote wa ndoo, nitawauliza mmoja mmoja zikirudi.

#37 Mzazi wa Makorora
Nimekutumia. Saa kumi na moja alfajiri nitakuwa pale kwenye ngazi za soko.

#38 Kijana wa Sahare
Nimeyapata. Wa tatu kwenye orodha namjua. Vaa viatu vya mpira, pale chini kunateleza.